Itifaki ya Ephraim Ambundo

Chama cha watu wa kaunti yetu waliowahi kufanya kazi Saudia kinataka kusherehekea miaka yake, na viongozi wameniomba niandike maisha ya Ephraim Ambundo, mwakilishi wetu wa kwanza kule. Wanataka kurasa za sifa. Nimewaambia nitaandika maisha. Sifa wataongeza wenyewe wakizipata. Kaunti siitaji. Wenyewe wanajijua, na picha walizopiga na Ephraim bado ziko kwenye simu zao, kama hawajazifuta kwa aibu.

Siku hizi Ephraim yuko nyumbani, anafuga kuku wa mayai, na ukimpa maikrofoni kwenye mazishi anaikataa kwa mkono. Asiyemjua hawezi kuona uzito wa jambo hilo. Kabla hajaenda Riyadh, hapakuwa na msiba wala harusi kule kwetu iliyofanyika bila sauti yake. Hakuwa chifu, hakuwa mzee wa mtaa, hakuwa hata katibu wa kanisa. Alikuwa mtu wa kupanga viti. Yeye ndiye aliyejua nani akae mbele, nani apewe soda na nani apewe maji, nani atajwe kwanza ili mwingine asinune. Alipomaliza kuwapanga alisimama, akakohoa, akasema, "Itifaki imezingatiwa." Yaani wakubwa wote wameshapewa heshima yao, sasa tuendelee. Maneno hayo aliyapenda kuliko chakula.

Alifika Riyadh mwaka 2011, dereva wa familia moja mtaa wa Malaz. Bosi wake alikuwa mwalimu wa chuo aliyesomea ng'ambo, na alizungumza naye Kiingereza. Kwa hiyo Ephraim hakuokota Kiarabu ila kile cha barabarani: yamini, yasari, sida, yalla, yaani kulia, kushoto, moja kwa moja, twende. Sisi wanawake tuliokaa ndani ya nyumba za watu tulijifunza kwa kugombezwa tangu kuamka hadi kulala, na tukakijua. Yeye alikiita Kiarabu cha jikoni, na alikuwa akicheka tukikizungumza.

Alilala kwenye chumba cha getini, kando ya tangi la maji, chumba ambacho ukinyoosha miguu mlango haufungiki. Humo alitundika koti jeusi la sufu alilolinunua Al-Dirah kwa Myemeni mmoja wa nguo kuukuu. Joto la Riyadh linakausha shuka kabla hujamaliza kuianika, na mtu ananunua koti la sufu! Tulimcheka mpaka tukachoka. Yeye alilipiga pasi kila Alhamisi.

Wazo la kuwa mwakilishi alilipata kwa Mwingereza mmoja mzee aliyefundisha pamoja na bosi wake. Ephraim alikuwa akimpeleka sokoni mara moja moja, na huko njiani yule mzee alimsimulia kuhusu mjomba wake. Kumbe kwao kila kaunti ina mtu anayemwakilisha malkia. Anavaa sare na upanga, anawapokea wageni wakubwa, anawavisha watu nishani, anapanda miti, anahudhuria mazishi ya mashujaa. Anaitwa Lodi Luteni. Mamlaka? Hana. Hawezi kuamuru hata mbwa afungwe. Mwingereza alisimulia huku akicheka, maana alimwona mjomba wake kama kichekesho. Ephraim hakucheka. Aliuliza mtu kama huyo husimama vipi, mikono anaiweka wapi.

Mwaka 2013 nyumbani wakaanza kaunti na magavana, na sisi huku tukaanza vyama vya kaunti. Tulikutana Ijumaa kwa Titus, muuguzi aliyekuwa na mke na nyumba ya kupanga palepale Malaz, mapazia yamefungwa, ugali ukipikwa na wimbo wa kanisa ukiimbwa kwa sauti ya kunong'ona. Mkutano wa kwanza Ephraim alitokea na koti lake. Alitupanga, aliyetangulia kufika nchini mbele, mgeni nyuma, akasema itifaki imezingatiwa, kisha akatueleza habari za yule mjomba wa Mwingereza. Hatukumchagua. Alisimama tu, na hakuna aliyemwambia aketi. Tangu siku hiyo kwenye karatasi akaitwa Mwakilishi, na mdomoni tukamwita Luteni.

Nisimwonee. Kazi hiyo isiyo na mshahara wala maana aliifanya kwa moyo. Msichana mpya akitua, Ephraim akiruhusiwa na bosi wake alikuwa uwanja wa ndege, amesimama wima na kibao chenye jina la kaunti. Hata kama kafili, yaani mwajiri anayemdhamini, ndiye anayemchukua msichana, na Ephraim hana analoweza kufanya ila kumpungia mkono kwa mbali, alisimama. Brayo, mlinzi wa ghala, alipokufa kwa joto, sisi hatukujua tufanye nini. Mwili uliondoka bila sisi kuuona. Ephraim alitukusanya kwa Titus, akaweka picha ya Brayo juu ya kiti kitupu, akamtaja mama yake, akamtaja baba yake, akaitaja shule aliyosoma. Tulilia tukatosheka. Bila yeye tungeendelea kufagia maofisi ya watu na Brayo hajaliliwa. Hilo nampa, na silichukui tena.

Kisha ukaja ujumbe wa kaunti. Walikuja kutafuta wawekezaji, ndivyo walivyosema, na wake zao walikuja kutafuta dhahabu. Ephraim aliomba ruhusa, akawapokea uwanja wa ndege na maua. Alikuwa ameandaa hotuba kuhusu wasichana wanaopigwa, wanaonyimwa simu, wanaofungiwa. Walimsikiliza wakiwa wamesimama, macho kwenye mizigo. Mkubwa wao akasema, "Mambo haya tutayashughulikia," akamvisha utepe mpana wa kijani wenye nembo ya kaunti, kutoka begani hadi kiunoni. Picha zikapigwa. Akaachiwa namba ya simu ya kupiga kukitokea shida. Mimi nilikuwepo. Niliuona uso wake, na nikajua huyu sasa hatutamweza. Mpaka siku ile alikuwa akijifanya mwakilishi nasi tukimsaidia kujifanya. Baada ya ule utepe aliamini.

Mwaka 2016 kampuni ya usafi niliyohamia baada ya kazi za ndani ilinitoa kwenye maofisi ya Al-Murabba, Riyadh, ikanipeleka Jeddah, hospitalini. Huko ndiko nilikomkuta Ivy.

Ivy alikuwa binti wa kwetu, kijiji cha pili kutoka kwa Ephraim. Alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba moja ya Jeddah. Jioni moja ya Ramadhani alichelewesha sambusa, madam akamwita karibu na jiko, akamshika mikono yote miwili na kuitia kwenye karai la mafuta. Nimeandika kama alivyonieleza, na daktari aliyemwosha vidonda aliona vivyo hivyo: mtu akiteleza, mafuta humrukia, hayamwachii alama iliyokatika sawasawa juu ya vifundo vya mikono yote miwili. Madam na mumewe walisema ni ajali, msichana alijikwaa. Daktari hakukubali. Akaita polisi, na polisi wakaja wakaandika maneno ya Ivy, kesi ikafunguliwa.

Nilikuwa nikideki wodi yake. Nilimlisha, nikamsuka, nikamkuna pua ilipomwasha. Na kila siku alikuwa na jambo moja tu.

"Mama Terry, mimi sitaki kitu yao," aliniambia. "Sitaki pole, sitaki tiketi. Nataka iandikwe ni yeye. Hata kama hawatamfunga, iandikwe. Nikifika home nikiulizwa mikono ilifanya nini, nisiwe mimi ndio nilijikwaa."

Basi. Hilo ndilo alilotaka. Sijawahi kusikia mtu akitaka kitu kidogo hivyo kwa nguvu hivyo.

Mama yake huko kijijini alikuwa ameona zile picha za utepe. Alitafuta namba ya Ephraim akampigia. "Serikali yetu huko ni wewe," akamwambia. "Simama na mtoto wangu." Ephraim alimwomba bosi wake ruhusa, akapanda basi la Jeddah na koti mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Alipoingia wodini alisimama kando ya kitanda, akampa Ivy salamu za kila kata, moja baada ya nyingine. Ivy alilia kwa furaha. Nami, na ulimi wangu huu, nilifurahi. Mtu amefunga safari, amevuka jangwa kwa ajili ya binti asiye wake. Nani mwingine alifanya hivyo?

Ubalozini walimwambia kwa simu aketi atulie: Jumapili atakuja mtu wao na mkalimani, waende polisi pamoja. Asiingie kabla. Aliitikia. Lakini Jumatano kafili mwenyewe, mume wa madam, alimpigia simu kwa Kiingereza laini. Kesho, akasema, afisa wa polisi angependa kumwona mwakilishi wa binti. Nani aliyewahi kumwita Ephraim mwakilishi kwa simu, kwa heshima, na kumwuliza kama angehitaji gari? Jumapili ikawa mbali.

Alhamisi asubuhi Ivy alinituma niende naye. Nilimkuta nje ya kituo, amevaa koti, utepe begani, jasho likimtiririka mpaka kwenye kola.

"Luteni, ngoja Sunday," nikamwambia.

"Mama Terry, umeitwa na ofisi ya watu, utakataaje? Ni dharau."

"Basi niingie nikusaidie na lugha."

Akanitazama kama anavyotazama mtu aliyekaa kiti cha mbele bila kualikwa. "Hii si mambo ya jikoni," akasema. Na askari wa mlangoni akanionyesha chumba cha wanawake, akamfungulia yeye mlango.

Nilikaa humo na wanawake wawili Waindonesia na mtoto aliyekuwa akilamba betri ya rimoti. Sikukaa sana. Mlango ukafunguliwa, Ephraim akatoka ameinua kidevu, na kwa mbali nikamwona kafili akimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Wametupokea vizuri sana," akaniambia tukiwa kwenye ngazi. "Nimewekwa kiti cha mbele. Nimepewa kahawa na tende, na kafili amenimiminia mwenyewe. Hawa watu wana adabu, tumekuwa tukiwasema bure."

"Wamesema nini kuhusu Ivy?"

"Afisa ameniuliza kama mimi ni wakili. Nikasema ndiyo, mwakilishi. Kiarabu chao na Kiswahili chetu ni ndugu, Mama Terry, ukisikiliza vizuri unaelewa. Halafu akauliza habari ya itifaki."

Nikamshika mkono wa koti.

"Ameuliza vipi?"

"Amesema, fi itifaki? Nikamjibu, itifaki imezingatiwa. Akauliza tena, akimwonyesha kafili na mimi, itifaki? Nikamwambia kwa sauti, itifaki, tamam! Afisa mzima anajali itifaki, si kama wale wetu."

"Ephraim," nikasema. Sikuwahi kumwita hivyo hivyo, jina tupu. "Umetia sahihi mahali?"

"Kitabu cha wageni. Karatasi tu, hawakuwa na kitabu. Jina, cheo na sahihi."

Nyinyi mnaosoma hapa nyumbani mnajua. Kwetu huingii ofisi ya mtu, hata ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya chekechea, bila kutiwa kwenye kitabu cha wageni. Ephraim alikuwa ametia sahihi vitabu vya wageni maisha yake yote, sahihi ndefu yenye mkia. Lakini kwa Waarabu wakili ni mtu aliyepewa idhini ya kuamua kwa ajili ya mwenzake. Na kwa Waarabu itifaki si kupangwa kwa viti. Itifaki ni mapatano. Afisa alimwuliza: wewe ndiye uliyepewa mamlaka na binti? Naam. Mmepatana na mwajiri? Tumepatana. Mmepatana kweli? Tumepatana, vizuri kabisa!

Nilimwambia hivyo palepale kwenye ngazi, kwa maneno machache kuliko haya. Aliendelea kutabasamu kwa muda, tabasamu la mtu ambaye habari haijamfikia usoni. Kisha akakaa kwenye ngazi na koti lake la sufu.

Mimi nilirudi ndani mbio. Nilimpita askari, nikamfikia afisa, nikapiga kelele kwa Kiarabu changu chote cha jikoni: mafi itifaki! Hakuna mapatano! Huyu si wakili! Binti hajasamehe! Afisa hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinionyesha karatasi, akanisomea kwa upole. Pande mbili zimepatana kwamba yalikuwa mafuta na ajali, binti hana dai, mwajiri kwa ukarimu wake anampa tiketi. Chini, ile sahihi yenye mkia, na cheo chake kwa herufi kubwa. "Halas," afisa akasema, yaani imekwisha. "Wakili wako ndiye amesema. Zungumza naye." Kafili alikuwa akitazama simu yake. Wakili wa kweli hutakiwa kuwa na karatasi zenye mihuri, nilijua hata mimi mpiga deki. Siku ile hakuna aliyeziulizia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja nazo.

Mtu wa ubalozi alikuja Jumapili kama alivyoahidi, akaandika barua, akaenda, akarudi. Lakini kafili alikuwa ameshampigia Ivy muhuri wa kutoka nchini, na ikama, kile kibali cha kuishi, ilikuwa yake kuifuta. Ephraim alipiga ile namba aliyoachiwa na wakubwa wa kaunti. Iliita siku ya kwanza. Baadaye haikuita. Aliwatumia picha yao wenyewe wakiwa pamoja naye, ili wamkumbuke. Alama mbili za buluu zikaonekana, maana yake wameiona, na hapo ndipo ikaishia. Nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea huruma, maana huruma yangu nilikuwa nimeiweka kwa mtu mwingine.

Kumwambia Ivy nilimwachia mwenyewe. Aliingia wodini bila utepe. Nilikaa koridoni na ndoo yangu ya deki, nikamsikia akianza mara kadhaa. Ivy hakupiga kelele. Nilipoingia alikuwa amegeukia ukutani, na Ephraim amesimama katikati ya chumba kama kiti kilichosahauliwa baada ya mkutano. Tangu saa hiyo Ivy hakusema neno, si kwake, si kwangu, mpaka siku ya safari.

Niliomba nimsindikize uwanja wa ndege wa Jeddah, na kampuni ikanikata mshahara wa siku hiyo, wakate na shingo yangu. Dereva wa kafili alitushusha mlangoni akaondoka. Mikono ya Ivy ilikuwa imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Nilikuwa nimembebea mkoba, pasipoti na dawa. Na pale kwenye mstari nikamwona Ephraim. Alikuwa amevaa shati tu. Alikuwa amesimama wima, visigino pamoja, kama siku zote mtu wa kwetu anapokuja au kuondoka.

Akasogea. Akakohoa. "Ivy," akaanza, "kwa niaba ya watu wa kaunti yetu walioko hapa Riyadh na Jeddah..."

"Mzee," Ivy akasema. Sauti yake ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika. "Ulimsamehe kama nani?"

Watu nyuma yetu walikuwa wakisukuma mizigo. Ephraim alijishika begani, pale utepe ulipokuwa ukikaa. Mtu aliyekuwa na neno kwa kila jeneza na kila keki. Kisha akalisema lile alilokuwa nalo, kwa sauti ndogo.

"Kama mwakilishi."

Ivy alimtazama, si kwa hasira. Alimtazama kama anayemwuliza kitu anachohitaji kujua kabla hajapanda ndege.

"Na siku ya mafuta," akasema, "si ungeniwakilisha?"

Mstari ukasonga. Askari akaomba pasipoti. Ivy hakuweza kuipokea, basi nikaibana chini ya kwapa lake, akaenda nayo hivyo, ameinamisha bega moja ili isidondoke.